Besi ya akodioni yangu inakoroma: je, nibadilishe ndimi zote?

Ndugu Mshauri,

Ninapiga akodioni ya vitufe 120 vya besi, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Aliyeniuzia alinieleza kwamba kwa miaka mingi ilikuwa imelazwa chali juu ya kabati, ndani ya sanduku lake, bila kupigwa. Upande wa kulia, wenye funguo kama za piano, sisikii kasoro yoyote. Upande wa besi ndio unaoninyima raha.

Tatizo lenyewe liko hivi. Nikibonyeza kitufe cha besi ya C, kile chenye kishimo katikati, huku nikifungua mvukuto kwa nguvu, noti hutoka pamoja na mkoromo, kana kwamba kuna kipande cha karatasi ngumu kinachotetemeka ndani. Nikifungua polepole, mkoromo hupungua hadi karibu kutoweka, na nikifunga mvukuto kwa nguvu, noti huwa safi kabisa. Lakini nikifunga polepole sana, noti ile ile huchelewa kidogo kuanza, na kabla haijaanza husikika mlio mdogo wa "pap". Sina hakika kama kasoro hizi mbili zina uhusiano wowote.

Kitufe cha kodi ya C, yaani kile kinachotoa noti tatu kwa pamoja, hakina tatizo. Nikibadilisha swichi ya sauti za besi na kuchagua ile yenye sauti nyembamba peke yake, mkoromo hausikiki. Nisipobonyeza kitufe chochote, mvukuto haupitishi sauti yoyote.

Nimepewa ushauri wa aina tatu, na kila mmoja unapingana na mwingine. Fundi mmoja aliisikiliza kwa muda mfupi bila kuifungua, akasema ndimi zote za besi, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti, zimechoka na hazina budi kubadilishwa. Rafiki yangu anayepiga gitaa alinishauri ninyunyizie mafuta ya kulainisha ndani. Mtu wa tatu alisema ulimi umepinda na unahitaji kuchongwa kidogo kwa tupa. Ninaweza kufanya kazi ndogo za mikono kwa uangalifu, lakini sitaki kuharibu ala ambayo bado inanipendeza. Nianzie wapi?

Mpiga Besi

Ndugu Mpiga Besi,

Barua yako imebeba maelezo ambayo fundi hulazimika kuyatafuta kwa subira kabla ya kugusa chochote, kwa hiyo nitayatumia hayo kwanza, na bisibisi itasubiri. Umesema kwamba mkoromo hutoka katika noti moja, mvukuto unapofunguliwa tu, nguvu inapotumika tu, na sauti nene zinapochaguliwa tu. Ndimi zilizochoka zote kwa pamoja hazina tabia ya kuchagua namna hiyo. Pendekezo la kubadilisha seti nzima liweke kando, si kwa sababu fundi huyo hajui kazi, bali kwa sababu hakuna mtu awezaye kulifikia kwa haki bila kufungua ala na bila kukuuliza maswali ambayo umeyajibu mwenyewe.

Mafuta usiyakaribishe kabisa. Ndani ya akodioni hakuna kitu kinacholia ambacho kinahitaji kulainishwa: ulimi hutetemeka katika tundu lake bila kuligusa, vali za ngozi hufanya kazi zikiwa kavu, na mabamba mengi yanayobeba ndimi yameshikwa kwa nta. Mafuta yakinyunyizwa humo hukamata vumbi na kuliingiza katika uwazi ambao upana wake ni sehemu chache tu za mia za milimita, hulowesha ngozi hadi ikagandamana na bamba, na hulegeza nta iliyokuwa imeshika vizuri, kiasi kwamba kasoro ya noti moja huenea katika upande mzima wa besi. Kuhusu tupa, kuchonga ulimi ni njia ya kurekebisha urefu wa noti, yaani jinsi inavyolia juu au chini, na haiondoi kelele. Ukipunguza chuma karibu na ncha, noti hupanda. Ukikipunguza karibu na ribiti, yaani pini inayoushikilia ulimi kwenye bamba, noti hushuka. Na kilichokwisha kuondolewa hakirudishwi.

Sasa tuibane kelele yenyewe. Katika upande wa besi wa akodioni ya ukubwa wa yako, kwa kawaida kuna seti tano za ndimi. Kila seti ina noti 12, na kila noti ina bamba lake lenye ndimi mbili: mmoja hulia mvukuto unapofungwa, na mwingine unapofunguliwa. Jumla ni ndimi 120, idadi inayolingana na ya vitufe vyako kwa bahati tu, kwa sababu hakuna kitufe chenye ulimi wake binafsi. Vitufe vyote 120 vinagawana noti zile zile 12, na jambo hilo ndilo linalotuwezesha kufanya uchunguzi bila kufungua skrubu hata moja: noti ya C inafikiwa kwa vitufe kadhaa, hivyo kelele yake inaweza kuulizwa kutoka pande mbalimbali.

Kuna jaribio moja ambalo hukulitaja, nalo ningependa ulifanye kabla ya yote. Vitufe vyako vimepangwa kwa mtindo wa Stradella, uliopewa jina la mji mmoja wa Italia. Safu iliyo karibu zaidi na mvukuto ni ya kaunta besi, ya pili ni ya besi za msingi, na nne zinazobaki ni za kodi. Kaunta besi hutoa noti ya tatu kutoka besi ya msingi iliyo kando yake, na kwa hiyo kaunta besi iliyo katika mstari wa A flati hutoa C. Ili kuufikia mstari huo, anza na C yenye kishimo ushuke kuelekea sakafuni kupitia F, B flati na E flati hadi A flati, ambayo katika akodioni nyingi nayo ina alama ya kupapasa. Kisha sogea kwenye kitufe cha jirani upande wa mvukuto. Kibonyeze huku ukifungua mvukuto kwa nguvu ile ile. Vitufe hivyo viwili vina vijiti vyao tofauti, na hukutana tu pale vinapoinua vifuniko vya C na kupeleka hewa kwenye ndimi za C. Mkoromo ukisikika kwa vyote viwili, kosa liko kwenye sehemu wanazoshirikiana, na kwa dalili zako ni kwenye ndimi au vali. Ukisikika kwa kitufe kimoja tu, basi ndimi hazina hatia, na kinachohitaji kutazamwa ni mitambo ya vitufe iliyo chini ya kifuniko cha nyuma, ambako kijiti kilichopinda kinaweza kuwa kinagusa jirani yake au kitambaa cha kuzuia kelele kimelika.

Ninakisia kwamba utausikia kwa vyote viwili. Tukienda na dhana hiyo, kodi ya C iliyo safi inatupa habari ya pili. Katika akodioni nyingi za seti tano, kodi hutumia seti tatu za juu tu, ilhali besi hutumia zote au zile zilizochaguliwa na swichi. Kwa kuwa kodi ni safi, na kwa kuwa swichi ya sauti nyembamba huondoa mkoromo, tunabaki na seti mbili za chini, yaani mabamba mawili ya C. Kila bamba lina ulimi mmoja wa kufungua mvukuto. Kutoka ndimi 120 umefika kwenye ndimi mbili, nawe bado umeketi na ala mapajani. Ikiwa unayo swichi inayoitenga seti ya chini kabisa na ile ya pili yake, itumie ubaki na mmoja.

Kabla hujafungua, ondoa shaka moja ndogo lakini yenye usumbufu mkubwa. Noti za chini kabisa za besi hukaribia hertzi 40, na mtetemo wa namna hiyo hutikisa mwili mzima wa ala. Kitu chochote kilicholegea ambacho kinapenda kutetemeka kwa kasi hiyo kitaitikia noti moja na kunyamaza kwa nyingine: wavu wa mapambo, skrubu ya kurekebisha mkanda wa mkono, bizimu ya mkanda wa bega, miguu midogo ya mpira, hata kioo cha dirisha la chumba. Mwombe mtu abonyeze kwa kiganja sehemu hizo moja baada ya nyingine wakati ukipiga C, kisha uhamie chumba kingine urudie. Kwa hali yako sitarajii kupata mengi hapa, kwa sababu kitu cha nje kingetetemeka pia unapofunga mvukuto kwa nguvu, nawe umesema wakati huo noti ni safi. Hata hivyo ni jaribio la bure, na nimeshasikia akodioni zilizofunguliwa hadi kwenye ribiti huku kosa likiwa ni skrubu ya mkanda.

Jambo linalonivutia zaidi katika barua yako ni zile kasoro mbili unazodhani huenda hazihusiani. Ili kuona kwa nini ninashuku kwamba chanzo chake ni kimoja, inabidi tulitazame bamba kwa karibu. Ni kipande cha alumini chenye matundu mawili marefu yaliyo sambamba. Tundu moja lina ulimi uliofungwa kwa ribiti upande wa nje, yaani upande unaotazama mvukuto. Tundu la pili lina ulimi uliofungwa upande wa ndani, unaotazama kijumba cha ubao wa ndimi, yaani chumba kidogo cha hewa ndani ya ubao unaobeba mabamba. Nyuma ya kila ulimi, upande wa pili wa bamba, kuna ukanda wa ngozi ambao ndio vali yake. Kwa hiyo ukilitazama bamba kutoka upande wowote, utaona ulimi mmoja, na kando yake vali ya ulimi ule mwingine usioonekana.

Ulimi hulia pale tu hewa inapotokea upande wake na kuusukuma kuingia katika tundu. Unapofunga mvukuto, hewa hutoka mvukutoni kuelekea kijumbani, hivyo ulimi wa nje ndio unaolia. Wakati huo vali ya nje hubanwa na hewa hiyo hiyo ili kuziba tundu la ulimi wa ndani. Unapofungua, mambo hugeuka: hewa huingia kupitia kifuniko, ulimi wa ndani hulia, na vali ya nje, ambayo ni ya ulimi huo, hufunguka ili kuipisha hewa itoke.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Unapofunga polepole, noti huchelewa na kutanguliwa na "pap". Hiyo ni tabia ya vali ya nje iliyojikunja ikasimama mbali na bamba: hewa kidogo hupotea kupitia tundu lisilozibwa, mpaka msukumo utoshe kuinasa ngozi na kuipiga kwenye alumini kwa ghafla, ndipo noti huanza. Ukifunga kwa nguvu, ngozi hubanwa papo hapo na hakuna unachosikia. Unapofungua kwa nguvu, vali hiyo hiyo ya nje inatakiwa kuinuka kwa utulivu mbele ya ulimi wa ndani unaotetemeka. Ikiwa imejikunja, au ikiwa springi yake, yaani kibamba chembamba kinachoirudisha mahali pake, imeachana na ngozi, hupaparika na kutoa mkoromo. Vali moja inatosha kueleza malalamiko yako yote mawili, na ala iliyokaa chali kwa miaka mingi ni mahali panapofaa sana kuikuta vali ya aina hiyo, kwa kuwa katika mkao huo vali za upande mmoja huning'inia chini kwa uzito wao hadi ngozi ikazoea kukaa wazi. Tena vali kubwa za besi ndizo zenye uzito zaidi.

Hiyo ni dhana yenye nguvu, lakini bado ni dhana, na kuithibitisha kunahitaji macho. Ng'oa pini zinazoshikilia mvukuto kwenye upande wa besi kwa koleo iliyofungwa kitambaa mdomoni, na kila pini unayoing'oa ichomeke kwenye kipande cha boksi ulichokichora umbo la akodioni, ili irudi katika tundu lake lile lile. Zinaweza kuonekana sawa na zisiwe sawa. Tia alama ya penseli inayoonyesha upande wa juu wa mvukuto. Usitumie bisibisi yenye sumaku karibu na ndimi, kwa sababu ndimi ni za chuma cha springi na chembe ndogo za chuma zikinasa humo zitakupa kelele mpya. Usiguse ndimi kwa vidole vyenye jasho, wala usizipulize kwa mdomo ili kuzijaribu, maana unyevu ndio mwanzo wa kutu.

Mbao za ndimi utaziona zimesimama juu ya ubao wa msingi. Ili kujua bamba la C ni lipi, usitegemee herufi, kwa kuwa mara nyingi hazipo. Legeza skrubu za ubao wenye mabamba makubwa kuliko yote, uinue, kisha uweke swichi inayofungulia sauti zote na ubonyeze kitufe cha C. Tundu litakalofunguka kwenye ubao wa msingi, mwanga ukapenya kupitia kifuniko kilichoinuka, ndilo linalolisha kijumba cha C. Ulinganishe na matundu yaliyo chini ya ubao uliouinua, na utakuwa umelipata bamba lako bila kubahatisha.

Washa tochi na uitazame vali ya nje kutoka pembeni, jicho likiwa karibu usawa wa bamba. Ngozi nzuri hulala juu ya alumini kwa urefu wake wote. Ngozi mbaya huonyesha upinde unaoanzia karibu nusu ya urefu na kuishia kwenye ncha iliyonyanyuka, na mwanga wa tochi hupita chini yake. Juu ya ngozi za besi kwa kawaida kuna kibamba chembamba cha shaba au cha plastiki kinachoirudisha mahali pake. Tazama kama bado kimeambatana nayo mwisho wa upande wa ribiti, au kama kimeteleza na kuanza kugusa vali ya bamba la jirani. Inua ncha ya ngozi kidogo kwa sindano kisha uiachie. Ikirudi kimya, haina hatia. Ikirudi kwa mlio wa chuma, au ikibaki hewani, umempata mkosaji.

Dawa yake si ngumu. Ngozi ambayo bado ni laini inaweza kunyooshwa kwa kuipitisha mara kadhaa kati ya kucha na kipande laini cha plastiki, ukielekea kinyume cha upinde wake, bila kuivuta kwenye gundi. Ngozi iliyokauka na kuwa ngumu itarudi kwenye upinde wake baada ya muda mfupi, na mimi nisingepoteza muda kuibembeleza. Ibadilishwe kwa nyingine ya unene ule ule, upana ule ule na urefu ule ule, ikibandikwa kwa gundi kidogo kwenye mwisho wa upande wa ribiti peke yake, ili sehemu iliyo juu ya ncha ya ulimi ibaki huru. Ngozi nene ya viatu haifai, kwa kuwa huchelewesha noti na kuizima kidogo. Baada ya kubadilisha vali ya besi kubwa, pima noti hiyo kwa programu ya simu ya kupimia sauti, kwa sababu uzito na ugumu wa vali huathiri urefu wa noti kwa kiasi fulani. Ukiona vali nyingine za seti hiyo zimejikunja lakini hazitoi kelele, uamuzi ni wako. Mimi ningeziacha zinazofanya kazi.

Ikiwa vali iko salama, shaka huhamia kwenye bamba na ulimi wenyewe. Libonyeze bamba taratibu kwenye pembe zake kwa mpini wa mbao. Likicheza au kutoa mlio mdogo, nta imepasuka. Nta hiyo ni mchanganyiko wa nta ya nyuki na utomvu wa msonobari, nayo ikizeeka hukauka na kuwa kama ganda. Bamba lililolegea hukoroma, na wakati mwingine hupitisha hewa hadi kijumba cha pili, ukasikia kwa mbali noti jirani ambayo hukuibonyeza. Utikise ubao kwa upole karibu na sikio: chembe ya nta iliyovunjika na kuangukia kijumbani huweza kurukaruka mbele ya ulimi wa ndani na kutoa mkoromo unaofanana kabisa na wako, wa kufungua mvukuto peke yake. Chembe hiyo huondolewa kwa kuugeuza ubao na kuugongagonga kidogo kwa kidole, na nakutakia bahati ya kukuta kosa lenyewe ni hilo.

Ulimi wa ndani huonekana kwa shida kupitia tundu la chini la kijumba. Ulimi wa besi ni mrefu, na kwenye ncha umeongezewa kizito cha shaba au risasi ili noti ishuke, kwa hiyo ukipewa hewa nyingi hupepea kwa upana mkubwa. Huo ndio wakati unapoweza kugusa ukingo wa tundu ikiwa umehama katikati au ikiwa uchafu umekaa kandoni, na ndiyo maana makosa ya namna hii husikika kwa nguvu na kunyamaza kwa upole. Mwanga wa tochi ukitokea nyuma unapaswa kuonekana kama mstari mwembamba ulio sawa pande zote mbili za ulimi. Mahali ambapo mstari umekatika pana vumbi, kutu, au chuma kinachogusa alumini. Vumbi huondolewa kwa brashi laini kavu, au kwa kipande chembamba cha chuma cha kupimia uwazi, kama cha milimita 0.05, kinachopitishwa kando ya ulimi bila kuupinda. Kisipopita, usikilazimishe.

Ribiti iliyolegea ina dalili yake: ulimi ukiguswa na sindano na kuachiwa, badala ya kuendelea kutetemeka na kuimba, huzima mara moja kwa sauti butu. Ulimi ulioanza kupasuka huzima vilevile, lakini noti yake pia huwa imeshuka waziwazi ikilinganishwa na seti nyingine. Kwa kuwa hukutaja kwamba C yako imeshuka, sina wasiwasi sana na hilo; ila ipime uwe na hakika. Ipime kwa nguvu ya wastani, maana noti za chini hushuka kidogo zenyewe mvukuto ukisukumwa kwa nguvu, na hapo utaona ugonjwa usiokuwepo.

Niseme pia kwamba besi nzito sana, zikipigwa kwa nguvu zote, huwa na ukali fulani wa asili ambao hakuna fundi atakayeuondoa bila kuondoa sauti yenyewe. Linganisha C na B na C shapu katika swichi ile ile na kwa nguvu ile ile. Ikiwa zote tatu zina ukali unaofanana, huo ni mlio wa ala yako. Ikiwa C peke yake ndiyo inayokoroma, endelea na msako.

Kila unapobadilisha kitu kimoja, rudisha ubao na uhakikishe ngozi iliyo chini yake imekaa sawasawa, skrubu zimebana bila kupita kiasi, na pini zote za mvukuto zimerudi, kisha ndipo ujaribu. Ubao uliolegea au mvukuto unaovuja hutoa kelele zake, na utashindwa kujua kama umetibu au umeongeza. Usifanye marekebisho mawili kwa mpigo.

Mahali pa kusimama ni hapa: ikiwa uchunguzi umekupeleka kwenye ulimi wa ndani, vali ya ndani, ribiti au nta, bamba italazimu ling'olewe, nayo ni kazi ya fundi wa ndimi mwenye vifaa vya kuyeyusha nta na uzoefu wa kubana ribiti bila kuusogeza ulimi. Usiende kwake na maneno "besi inakoroma". Mwandikie kwenye karatasi: noti ya C, seti ya chini au ya pili yake, mkoromo wakati wa kufungua mvukuto kwa nguvu, mlio wa "pap" wakati wa kufunga polepole, kodi ni safi, kaunta besi ya A flati ina au haina kelele, na urefu wa noti uliopimwa. Akishalitoa bamba na kukuonyesha ufa au ribiti iliyolegea, gharama ya kubadilisha bamba hilo moja ni ya haki, na mwombe akurudishie la zamani pamoja na ala.

Mshauri